Wito wa usalama kwa gari lililoagizwa kutoka Japani: tathmini ya karakana ya wakala rasmi, Nairobi

Karakana ninayoitathmini hapa iko katika Eneo la Viwanda, Nairobi, na ni ya wakala rasmi wa kampuni moja ya magari ya Japani. Nilipeleka huko gari langu aina ya SUV, la petroli, nililoliagiza likiwa limetumika, kwa sababu mbili: mtengenezaji alikuwa ametoa wito wa kurejesha magari ya toleo hilo ili yabadilishwe pampu ya petroli, na pia lilikuwa na hitilafu ndogo ndogo ambazo fundi wangu wa Barabara ya Ngong alitaka ziangaliwe kwa mashine bora kuliko aliyo nayo. Jina la wakala naliacha, kwa kuwa wenye magari ya kampuni nyingine wamenieleza mambo yanayokaribiana sana na haya.

Niseme mapema kwamba mafundi wa karakana hiyo wanaijua kazi yao, na kwamba gari langu sasa liko salama. Kinachonisikitisha ni namna mapokezi yanavyoushughulikia wito wa usalama, kana kwamba ni hisani anayoombwa mwenye duka. Hilo ndilo nitakalolizungumzia zaidi, kwa sababu bushi (mpira wa kupunguza mtikisiko) iliyokwisha itakupigia kelele tu, lakini pampu ya petroli ikikatika ukiwa katikati ya malori kwenye mteremko wa Mai Mahiu, injini huzimika, usukani huwa mzito, na breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache.

Sehemu kubwa ya magari ya binafsi yanayoendeshwa Nairobi yaliingia nchini kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yametumika Japani, ndani ya kikomo cha miaka minane kinachosimamiwa na Shirika la Viwango, KEBS. Huko Japani, mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama huijulisha Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, kisha humwandikia mwenye gari aliyesajiliwa. Taarifa hizo zina ngazi tatu: wito kamili wa kurejesha gari kwa kasoro inayokiuka viwango vya usalama, hatua za kuboresha kwa kasoro nzito isiyofikia kiwango hicho, na kampeni ya huduma kwa kasoro zilizobaki. Gari likishafutwa usajili ili lisafirishwe nje, barua hizo hazina pa kwenda. Anayelinunua Nairobi hapokei chochote, na muuzaji wa Kiambu Road au Ngong Road aliyemkabidhi ufunguo hana desturi ya kuuliza.

Hivyo mwenye gari hulazimika kutafuta mwenyewe, na hapo wengi hukwama mapema. Nambari ya chesisi ya gari lililotengenezewa soko la Japani haina tarakimu na herufi 17 kama ya gari la Marekani au Ulaya. Huwa ni kifupisho cha modeli, kistari, kisha tarakimu chache. Ukiiingiza katika tovuti ya Marekani ya kutafutia wito wa usalama itakataliwa, na mtu huondoka akiamini kwamba gari lake halina tatizo, ilhali halikutafutwa kabisa. Mahali pa kuangalia ni tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe, ambayo huipokea nambari hiyo fupi na kuonyesha kila wito unaolihusu gari hilo, na kama umeshatekelezwa. Programu ya kutafsiri ya simu inatosha kuisoma kurasa hizo.

Kuna pia alama nyingine ambayo ningependa kila mnunuzi aijue. Fungua mlango wa dereva, utazame nguzo ya mwili wa gari pale kitasa kinaposhikia. Kazi ya wito inapokamilishwa Japani, karakana hubandika hapo kibandiko kidogo chenye nambari ya wito huo. Kwenye gari langu kulikuwa na kimoja, kimefifia na pembe zake zimejikunja, lakini nambari yake ilihusu wito wa zamani. Wa pampu haukuwa na kibandiko, na tovuti ilithibitisha kwamba haukuwa umetekelezwa.

Anayeona kwamba ninalikuza jambo akumbuke mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia amonia naitreti kuijaza mifuko hiyo wakati wa ajali, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, hivi kwamba mfuko unapofyatuka, kikopo chake cha chuma kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande usoni na shingoni. Nchini Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 iliitwa irejeshwe, na Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika mnamo Juni 2017. Kuanzia Mei 2018, Japani iliamua kwamba magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa hayatapita ukaguzi wa lazima. Hata hivyo, gari linalofutwa usajili ili liuzwe nje halihitaji kupita ukaguzi huo. Mwenye SUV yenye mfuko wa aina hiyo anayeishi Mombasa au Kilifi, kwenye joto na unyevu wa pwani, ana sababu kubwa zaidi ya kuangalia kuliko sisi wa Nairobi.

Sasa nirudi kwenye mapokezi. Nilifika nikiwa na logibuku, nambari ya chesisi na nakala ya ukurasa wa mtengenezaji. Kijana wa dawati alinisikiliza kwa adabu, akaandika nambari ya gari, kisha akasema, "Mama, gari hili hatukukuuzia sisi." Nilimjibu kwamba sikuja kudai dhamana ya mauzo, kwamba kasoro ni ya mtengenezaji na ndiye aliyeutoa wito, na kwamba bango la mtengenezaji huyo ndilo lililo juu ya lango lao. Akapendekeza nilipie kwanza uchunguzi wa mashine, shilingi 3,500, ili ijulikane kama pampu ni mbovu. Pendekezo hilo ndilo kosa kubwa la karakana hii. Pampu iliyo chini ya wito huweza kupita uchunguzi wa asubuhi na kukatika jioni. Inabadilishwa kwa sababu ya kundi ilimotengenezwa, iwe imeonyesha dalili au haijaonyesha, na mtu anayepokea wateja katika karakana ya wakala rasmi anapaswa kulijua hilo bila kufundishwa na mteja.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Kama kifungu hicho kinamlazimisha wakala kubadilisha bure pampu ya gari ambalo hakuliuza, nawaachia wanasheria. Lakini habari ni suala jingine. Wakala ana mfumo wa mtengenezaji kwenye kompyuta yake, na kuiingiza nambari ya chesisi ni kazi ya muda mfupi sana. Nimemwomba meneja wa huduma kwamba kila gari la kampuni hiyo linaloingia langoni, hata kwa kubadilisha oili, litafutwe katika mfumo huo. Alikubali kwamba jambo linawezekana, ila hakuniahidi.

Mambo yalibadilika nilipopelekwa kwa msimamizi wa kitengo cha kiufundi. Yeye aliitafuta nambari papo hapo, akauona wito, akaniambia kwamba pampu na kazi yake havitalipiwa, na kwamba kipuri kitaagizwa kutoka Japani. Kilichukua wiki kadhaa. Sina lawama juu ya muda huo, kwa kuwa pampu hizo zilihitajika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Lawama yangu ni kwamba hakuna aliyeniambia niendesheje gari wakati wa kungoja. Nilipouliza, msimamizi alinieleza vizuri: injini ikitetemeka bila sababu, ikichelewa kuwaka asubuhi, au ikikosa nguvu unapopanda kilima, usiliingize gari kwenye barabara kuu, liletwe kwa kuvutwa. Maneno hayo yangeweza kuchapwa kwenye karatasi moja na kupewa kila anayesubiri pampu.

Siku ya kazi niliruhusiwa kusimama karibu. Fundi aliinua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha chuma, akatoa shinikizo lililokuwa kwenye mfumo, akaisafisha sehemu nzima kwa hewa ili vumbi lisidondoke ndani ya tangi, ndipo akaitoa pampu. Baada ya kufunga mpya pamoja na mpira wake mpya wa kuzuia uvujaji, alinifungulia ile ya zamani. Ndani yake mna gurudumu dogo la plastiki lenye vijipengo pembeni, jembamba, ambalo huzunguka likisukuma petroli kuelekea kwenye injini. Plastiki ya pampu zilizoitwa ina msongamano mdogo kuliko inavyotakiwa, hivyo hunywa petroli polepole na kuvimba, hadi gurudumu linaanza kusugua ukuta wa nyumba yake. Katika langu mikwaruzo ilikwisha kuanza, mduara hafifu uliong'aa upande mmoja, unaohisika kwa ukucha. Gari lilikuwa halijazimika hata mara moja. Fundi huyo alieleza kila hatua bila haraka na bila kunidharau, na kazi yake naipa alama zote.

Hitilafu ndogo zilishughulikiwa vyema pia, ingawa kwa bei. Mlio wa kugonga uliosikika mbele kwenye matuta ulitokana na linki za mbele (vyuma vifupi vinavyounganisha sehemu za mfumo wa springi) zilizolegea, jambo la kawaida kwa SUV inayopita barabara za mitaa yetu kila siku. Walinionyesha zikichezacheza kabla ya kuzibadilisha. Taa ya upepo wa tairi ilikuwa imewaka kwa sababu betri ya kihisio kimoja ilikwisha. Redio hawakuigusa, na waliniambia kweli: redio za soko la Japani huishia karibu na megahezi 90 au 95, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108, na kifaa cha kushusha mawimbi kinapatikana mjini kwa bei nafuu kuliko yao.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni ya maji yaliyokuwa yakiingia ndani. Tangu mvua za vuli zianze, zulia la abiria wa mbele lilikuwa likilowa, na gereji mbili zilikuwa zimelaumu mpira wa kioo cha mbele na kutaka kukitoa. Fundi wa karakana hii alifungua dirisha la paa, akamimina maji kidogo kwenye kona, akayatazama yakisimama. Mirija ya kupitishia maji ilikuwa imezibwa na maua ya mjakaranda yaliyooza na kushikamana na vumbi, kwa kuwa gari hulala chini ya mti huo. Aliizibua kwa waya laini na hewa ya shinikizo dogo, akaniambia isifanyiwe kwa shinikizo kubwa kwa sababu mrija huchomoka kwa ndani na maji huishia kwenye nyaya. Kutokitoa kioo kulikuwa na faida nyingine, kwa maana kamera ya kutambua mistari ya barabara imefungwa juu yake, na kioo kikitolewa kamera hiyo hupaswa kupimwa upya.

Kwa upande wa gharama, linki zao zilizidi mara mbili bei niliyopewa Kirinyaga Road kwa vipuri vilivyodaiwa kuwa halisi. Nilizilipia kwao kwa sababu walinipa dhamana ya maandishi na kunirudishia za zamani ndani ya boksi. Kwa bushi, breki na oili nitaendelea na fundi wangu wa Barabara ya Ngong, ambaye ni mwaminifu na ananiita gari likiwa bado wazi ili nione. Kwa pampu ya wito, mfuko wa hewa, au kitu chochote kinachosomwa kwa nambari ya chesisi, sitampa mtu mwingine zaidi ya wakala.

Nilipoondoka niliomba uthibitisho kwamba wito umetekelezwa. Hawana kibandiko cha kuweka kwenye nguzo ya mlango, lakini walipiga muhuri kwenye kadi ya kazi, wakaandika nambari ya wito, nambari ya chesisi na tarehe, na msimamizi akaahidi kuingiza taarifa hiyo katika mfumo wa mtengenezaji. Niliangalia tovuti ya Kijapani baadaye, na wito sasa unaonekana umekamilika.

Alama zangu ni hizi: ufundi, tano kwa tano, uwazi wa bei, nne, mapokezi na utoaji wa habari za usalama, mbili. Anayekwenda huko na gari lililoagizwa apite moja kwa moja kwa kitengo cha kiufundi, awe na nambari ya chesisi na ukurasa wa wito uliochapwa, na asilipie uchunguzi wowote wa pampu kabla nambari hiyo haijatafutwa mbele yake.