TAHADHARI: jero (sarafu ya mia tano) ya "vichwa viwili" inayouzwa Kariakoo ni ya kuunganisha, mimi nimeshalizwa

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na aibu maana mimi ndo yule anayewacheka watu wanaotuma hela kwa mganga wa kwenye simu, ila potelea mbali. Kuna jamaa anazunguka Kariakoo, siku nyingine anasogea mpaka Posta, anauza sarafu anazosema zimekosewa kiwandani. Usinunue. Zimekosewa na fundi, tena kwa makusudi kabisa.

Mimi nakusanya sarafu za kwetu tangu niko shule, zile senti hamsini za sungura, senti ishirini za mbuni, senti tano yenye samaki, marehemu babu aliniachia kopo zima la Blue Band. Kwahiyo jamaa aliponitumia picha ya jero yenye kichwa cha Mzee Karume huku na huku, nyati wa upande wa pili hayupo kabisa, usingizi ulikata. Akanitumia na picha za mtandaoni, sarafu kama hiyo imewekwa dola elfu kadhaa. Hapo ndo akili yangu iliposinzia, maana bei mtu anayoandika sio bei aliyouzia, hata mimi naweza kuweka kandambili zangu kwa milioni kumi, swali ni nani kazinunua.

Akaanza na laki tatu na nusu, tukavutana, tukamalizana laki na themanini. Tukakutana karibu na Msimbazi, kavaa shati safi, kaitoa sarafu kwenye kitambaa kama daktari. Mimi nikajifanya mjanja nikamwambia najua hizi huwa zinaunganishwa, akacheka, akaniambia "kaka kagua mwenyewe, tazama pembeni kote kama kuna mshono". Nikaizungusha, nikapitisha ukucha, pembeni safi kabisa hakuna kitu. Nikatuma hela.

Sasa sikiliza hapa ndo pana mchezo. Mshono haukai pembeni!! Nimekuja kuelewa baadaye kwa fundi mmoja wa Gerezani anayekereza vyuma, nilimwonyesha akacheka mpaka akakaa chini. Unachukua jero mbili, ya kwanza unaikereza upande wa nyati mpaka inakuwa kama kisahani, ukingo unaubakiza. Ya pili unaila ukingo wote na mgongo mpaka inabaki kidonge chembamba chenye kichwa tu, unakichomeka kwenye kisahani na gundi, unapiga msasa laini kidogo. Kwahiyo mshono uko juu, kwa ndani, pale ukingo unapokutana na uso wa sarafu, ambapo jicho linaona ni kivuli cha kawaida tu. Jamaa alinipa pembeni nikague kwa sababu alijua pembeni hakuna kitu.

Kilichonishtua ni mlio. Nimefika home nimeidondosha kwenye tailizi bahati mbaya ikalia "tok", kama kifuniko cha soda. Nikachukua jero niliyorudishiwa chenji na konda nikaidondosha pale pale, ikalia "tiiing" ikazunguka mpaka chini ya kochi. Nikarudia mara kama kumi, mke wangu akauliza kama niko sawa. Kesho yake nikaenda kwa sonara mmoja Kariakoo akanipimia kwenye mizani yake ya dhahabu, jero halali ni gramu 9.5, zile zangu tatu za kawaida zilicheza hapo hapo, hii ya laki na themanini ikasoma 9.1. Akaiweka chini ya lenzi akaniita nitazame, nikaona kijistari cheusi kinazunguka ndani ya ukingo kama uchafu wa kwenye kucha. Akachomeka ncha ya pini, akaipitisha kwenye moto kidogo, gundi ikalegea, Mzee Karume mmoja akatoka mzima mzima. Nyuma yake kuna alama za kukereza, mistari ya duara kama sahani ya santuri.

Na hata bila pini ningejiuliza tu. Mashine ya kupigia sarafu ina muhuri wa juu na wa chini, kwa kawaida inavyofungwa juu sio inavyofungwa chini, kwahiyo vichwa viwili kukutana kwa bahati mbaya ni ajabu sana, zinazojulikana duniani ni za kuhesabu. Kosa la kweli huwa lina maelezo. Mfano Uingereza 2008 walibadilisha sura za sarafu, tarehe ikahamishwa toka upande mmoja kwenda mwingine, kwenye peni ishirini wakachanganya muhuri wa zamani wa kichwa na mpya wa nyuma, zikatoka sarafu hazina mwaka kabisa. Unaona ilivyotokea. Huyu wangu nilipomuuliza imetokeaje akasema "wazungu walilewa".

Ana nyingine mbili nilizoziona kwenye picha zake. Moja ni jero yenye maandishi mengine yamezama juu yake, yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo, anaiita "imepigwa mara mbili". Hiyo ni jiliwa tu jamani, kile kibanio cha mafundi, unabana sarafu mbili pamoja unakaza basi. Ya kiwandani ikitokea sarafu iliyotangulia imenasa kwenye muhuri, sura ya kinyume inakuwa kali na inajaa upande mzima. Ya jiliwa inakuwa kipande kipande, na pale yalipozama maandishi ya kinyume, nywele na shavu vimelala bapa kama vimekanyagwa na lori.

Nyingine ni mia ya Mwalimu ambayo sio ya njano, imekuwa ya kijivu, eti ilipigwa kwenye chuma cha jero. Mia zetu za njano ni chuma kilichopakwa, jaribu sumaku uone zinavyonasa, ukiziloweka kwenye tindikali rangi inatoka unabaki na chuma. Ishike uone ilivyo na vishimo vishimo, swala wamefutika miguu, na ikikaa wiki inaanza kutu. Ingekuwa ya chuma cha jero kweli basi hata uzito ungekuwa wa jero, wala hana mizani huyo.

Nilimpigia jamaa akapokea vizuri tu, "kaka niletee nikurudishie chako", tukapanga saa nane, nikakaa juani mpaka saa kumi, namba haipatikani. Polisi nilienda, afande aliniuliza mara mbili kama kweli nimenunua mia tano kwa laki na themanini, nikaandikisha nikaondoka.

Yuko bado kazini. Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya jero ya vichwa viwili kaletewa na namba mpya kabisa, kitambaa ni kile kile cha maua mekundu, na maneno ni yale yale, "imebaki hii moja tu kaka". Nimemwambia akubali wakutane, ila wakutanie kwa sonara, kabla hela haijatumwa. Jamaa kajibu ana udhuru, amesafiri Morogoro.