Uzoefu wangu na dalali wa nyumba Nkuhungu

"Mama, umekuja kununua nyumba au kusoma kuta?"

Maneno hayo niliambiwa na dalali nje ya geti la nyumba moja hapa Nkuhungu, jijini Dodoma, mchana wa jua kali, mbele ya mdogo wangu wa kiume na mbele ya watoto waliokuwa wakipita na madumu ya maji. Nimeyatanguliza kwa sababu kila ninapotaka kueleza jambo lingine lolote kuhusu huduma ya mtu huyu, maneno hayo ndiyo yanayonijia kwanza mdomoni.

Hata hivyo nataka kumtendea haki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Mpwapwa, na nimekuwa mpangaji hapa mjini kwa miaka mingi, nikihama kutoka nyumba moja hadi nyingine kila mwenye nyumba anapoona kwamba anaweza kupata mpangaji wa bei ya juu zaidi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, jambo hilo limekuwa la kawaida, na sisi tuliokuwa hapa kabla ya magari ya wizara kuanza kupanga foleni ndio tuliosukumwa pembeni. Nilikusanya akiba yangu, nikaongeza mkopo wa SACCOS, nikaamua kutafuta nyumba iliyokwisha kujengwa, kwa kuwa kujenga kwa mshahara wangu kungenichukua miaka mingi ya kununua saruji leo na bati mwakani. Dalali huyu nilielekezwa na mwalimu mwenzangu, ambaye alimsifu kwamba ni mtu wa kufika kwa wakati.

Na kweli alifika kwa wakati. Simu alipokea kila nilipompigia, hata usiku. Nilimpa shilingi elfu 20 ya kuonyeshwa nyumba, kama ilivyo desturi yao, na sikuona kwamba nimeibiwa, kwa sababu alitutembeza kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu bila kuonyesha uchovu, na mipaka ya kila kiwanja aliijua. Kwenye nyumba ninayoisimulia hapa alichuchumaa pembeni ya uzio, akaukwangua udongo mwekundu kwa ufunguo wa pikipiki yake mpaka bikoni, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja, ikaonekana, kisha akaifuta kwa kiganja ili niisome namba yake. Nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba huyu anaifahamu kazi yake, na laiti habari ingeishia hapo ningewashauri wote wanaotafuta nyumba Dodoma wamtumie.

Kilichoniudhi tangu mwanzo, ingawa nilikimeza, ni kwamba alikuwa akizungumza na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuja kunisindikiza tu kwa gari lake. Fedha ni zangu, mkopo unakatwa kwenye mshahara wangu, na nilikuwa nimekwisha kumweleza hivyo dalali kwa simu. Pamoja na hayo, aliposhuka kwenye pikipiki alimpa mdogo wangu mkono akimwita bosi, akamtajia bei yeye, akamfungulia milango yeye, nami nikawa nafuata nyuma.

Ndipo nilipouona ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa siku si nyingi, kwa maana matone yake yalikuwa bado meupe juu ya majani ya mwarobaini yaliyoanguka chini. Lakini chokaa yenyewe ilikuwa nyepesi, na nilipousogelea niliona chini yake herufi kubwa za rangi nyekundu zilizokataa kufunikwa. Nilizifuata moja moja kwa kidole, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza, mpaka neno likakamilika: HAIUZWI.

Mtu yeyote aliyekaa katika miji yetu analifahamu neno hilo. Haliandikwi kwa ajili ya mapambo. Huandikwa na mjane anayewaogopa shemeji zake, au watoto ambao baba yao amekwenda kutafuta mnunuzi kimyakimya, au mke aliyechoka kuwaona wageni wakipima vyumba vyake kwa hatua. Nilimuuliza dalali, kwa adabu kabisa, nani aliyeliandika na kwa nini limefutwa. Hapo ndipo aliponijibu kwa sauti ya juu, huku akimtazama mdogo wangu ili wacheke pamoja, kama nimekuja kununua nyumba au kusoma kuta. Mdogo wangu hakucheka. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Ndani ya ua tulimkuta mama mmoja wa makamo akipepeta mtama kwenye ungo. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye akaitikia kwa uchangamfu, akauweka ungo chini na kuniuliza, "Dada, mmekuja kutazama nini?" Naomba msomaji alipime swali hilo. Nyumba imetangazwa, bei imetajwa, dalali ameleta wateja, na mama anayeishi humo anawauliza wageni wamekuja kutazama nini. Kabla sijafungua mdomo, dalali aliingilia kati: "Mama, wewe endelea na kazi zako, haya ni mazungumzo ya mwenye nyumba." Mwenye nyumba aliyemkusudia ni mume wa yule mama, mzee aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama chini, akikubali kila kitu alichoulizwa. Mama aliuokota ungo wake, akaingia ndani, na mtama kidogo ukabaki umemwagika pale alipokuwa ameketi.

Ningepaswa kuondoka wakati huo huo. Sikuondoka. Jioni ile dalali alinipigia simu mara tatu, akisema kuna mteja kutoka Dar es Salaam atakayeshuka na treni ya asubuhi akiwa na fedha zote mkononi, na kwamba nisipotoa arubuni, yaani malipo ya kuishika nyumba, usiku ule nyumba itakuwa imekwenda. Nilitoa shilingi milioni 2. Nilizitoa kwa hofu ya kurudi tena kwenye kupanga, na risiti niliyopewa ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

Rasimu ya mkataba aliyoniletea baada ya siku chache ndiyo iliyonizindua. Tulikuwa tumekubaliana milioni 65, lakini mkataba uliandikwa milioni 30. Alinieleza kwamba ndivyo kila mtu anavyofanya ili kodi ya ongezeko la mtaji iwe ndogo. Kodi hiyo, ambayo ni asilimia 10 ya faida, ni mzigo wa muuzaji wala si wangu, ilhali hatari yote ya maandishi yale ingekuwa yangu: mauziano yakivunjika, ningesimama mbele ya Baraza la Ardhi kudai milioni 65 nikiwa na karatasi inayosema milioni 30. Hati yenyewe ya umiliki wa kiwanja ilikuwa ya zamani za CDA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1973 kuujenga mji huu na kuvunjwa na Rais Magufuli mwaka 2017. Hati zake zilikuwa za miaka 33, na baada ya mamlaka kuvunjwa iliagizwa kwamba zigeuzwe kuwa za miaka 99. Nilipouliza kama hii imekwisha kugeuzwa, na kama haijageuzwa imebakiza miaka mingapi, jibu nililopata ni kwamba hati ya CDA ni safi na nisiwe na wasiwasi mwingi. Tena mkataba ule ulikuwa na nafasi ya saini ya muuzaji, ya mnunuzi na za mashahidi wawili, mmoja wao akiwa dalali mwenyewe. Nafasi ya mke haikuwapo.

Nilichukua nakala ya hati, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikaenda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi rasmi, yaani kuangaliwa kwa kumbukumbu za kiwanja. Kijana aliyenihudumia kule sina budi kumsifu, kwani alinieleza kwa upole na hakuniuliza nimekuja na nani. Majibu yalipotoka yalikuwa mafupi: kiwanja kina zuio, yaani katazo la kukiuza lililoandikishwa pale ofisini, na aliyeliweka ni mke wa mmiliki.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba wanunuzi wengi hatulijui jambo hili na madalali wengi wanalijua fika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba mume au mke hawezi kuiuza nyumba ya ndoa, wala kuiweka rehani, kuipangisha au kuigawa zawadi, bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Haijalishi hati imebeba jina la nani. Sheria hiyo hiyo inamtambua mwenza kuwa mwenye maslahi katika nyumba, na inamruhusu kuyalinda maslahi hayo kwa kuweka zuio. Yule mama wa ungo wa mtama alikuwa amefanya hivyo. Alianza kwa ukuta, na ukuta ulipopakwa chokaa akaenda ofisini.

Nilimpigia dalali nikamsomea majibu ya upekuzi. Nilijiandaa kwa ugomvi, na nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa ili aniitie kikao. Lakini lazima niseme ukweli: siku ya pili yake dalali alikuja mwenyewe hadi shuleni, akanikabidhi milioni 2 kamili bila kukata hata senti, akasema, "Mwalimu, nisamehe, mzee alinidanganya kwamba wameelewana." Aliniita mwalimu kwa mara ya kwanza. Nilizihesabu zile fedha, nikamwamini, nikamkaribisha chai katika chumba cha walimu. Usiku ule niliwaza kwamba pengine nilikuwa mkali kupita kiasi, kwamba kazi yao ina misukosuko yake, na kwamba mtu anayerudisha arubuni bila kufikishwa kwa mwenyekiti ni nadra katika biashara hii. Ningeandika maelezo haya wiki ile ningempa sifa, na lile neno lake la getini ningeliweka pembeni.

Wiki kadhaa baadaye, mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani alinionyesha picha kwenye simu yake, akifurahi kwamba amepata nyumba Nkuhungu kwa bei nzuri. Niliujua ule mwarobaini kabla sijalijua geti. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya buluu iliyoiva, ya mafuta, nzito, isiyoruhusu kitu chochote kuonekana chini yake. Nilimuuliza dalali wake ni nani, akanitajia. Alikuwa ni yule yule. Alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kuna mteja kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo ile sifa ya kurudisha fedha naiondoa. Alinirudishia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusoma, na aliyesoma hana faida kwake. Ile "mzee alinidanganya" ilikuwa uongo, kwa sababu mtu aliyedanganywa mara ya kwanza hanunui rangi nzito zaidi kwa ajili ya mara ya pili. Hata ile bikoni aliyoikwangua kwa ufunguo, ambayo iliniridhisha sana, sasa naiona kwa jicho lingine: alinionyesha kwa bidii kile kilichokuwa safi ili nisitazame kile kilichofichwa. Nasema haya nikijua kwamba wapo madalali waaminifu Dodoma, na kwamba bila wao watu wengi wa mshahara mdogo tusingejua nyumba ipi inauzwa wapi. Lakini huyu alimnyamazisha mama ndani ya ua wake mwenyewe, akanicheka mimi getini, na vyote viwili alivifanya kwa lengo moja, yaani sisi wawili tusizungumze.

Tulizungumza baadaye. Nilikwenda pamoja na yule mwalimu mwenzangu, mchana wakati mzee hayupo, nikabisha hodi. Mama alinikumbuka. Alitukaribisha tuketi kwenye benchi la ubao chini ya mwarobaini, akatueleza kwamba nyumba ile waliianza wote wawili, yeye akiuza ubuyu na karanga huku mzee akifyatua matofali, na kwamba hana pa kwenda na wajukuu. Hakulia wala hakulalamika. Aliuliza tu kama rangi ya buluu inaweza kuandikwa juu yake, nasi tukamwambia inaweza. Mwenzangu hakutoa arubuni.

Mimi bado napanga. Juzi juzi dalali alinipigia tena, sauti yake ikiwa ya furaha, akisema amepata nyumba nzuri upande wa Ilazo na amenikumbuka mimi kwanza. Nilitaka kumkatia simu, nikashindwa, kwa sababu mwenye nyumba wangu ametangaza kupandisha kodi. Nilimuuliza jambo moja tu, kama muuzaji ana mke na kama mke huyo amekubali kuuza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakwenda kuuliza. Hadi naandika haya hajarudi na jibu.