Tathmini ya kalorimita ya DAMPE: fuwele 308 zinazopima mionzi ya kosmiki

Setelaiti ya China iitwayo DAMPE, au Wukong, inayopima mionzi ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa kutoka anga za mbali, ilirushwa kutoka Jiuquan tarehe 17 Desemba 2015, na huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 500 hivi. Kati ya vigunduzi vyake vinne, ninachokithamini kuliko vyote ni kalorimita, yaani kifaa cha kupima nishati ya chembe, na hicho ndicho ninachokipima hapa kwa kuzingatia muundo wake na matokeo yaliyochapishwa.

Imeundwa kwa fuwele za BGO, yaani oksidi ya bismuthi na jerimani, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 60, zilizopangwa katika tabaka 14 zinazopishana kwa pembe mraba. Elektroni yenye nishati kubwa ikipenya humo huzaa chembe nyingine, nazo huzaa nyingine tena, na kila fuwele humeta kwa kadiri ya nishati iliyoachwa ndani yake. Fotomaltiplaya, yaani vihisi vya mwanga hafifu, zilizofungwa kwenye ncha zote mbili hugeuza mmeto huo kuwa umeme, na kila moja husomwa katika hatua tatu za ukuzaji. Ubunifu huo unastahili sifa kubwa, kwa sababu chembe moja inayopita tu na mmiminiko wa chembe unaoizidi mwanga karibu mara milioni hupimwa kwa fuwele ileile.

Nguvu yake halisi ni kina. Kalorimita ya darubini ya angani ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, ina urefu wa mionzi 8.6 (kipimo cha unene kwa jinsi kitu kinavyopunguza nishati ya elektroni), hii ya DAMPE ina takriban 32, hivyo ni nishati kidogo sana ya elektroni inayovuja kwa nyuma. Ndiyo maana mwaka 2017 iliweza kuonyesha wazi, kwa kipimo cha moja kwa moja, kwamba idadi ya elektroni hupungua kwa kasi zaidi kuanzia nishati ya karibu teraelektronivolti 0.9 (teraelektronivolti moja ni elektronivolti trilioni moja).

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Haina sumaku, kwa hiyo haitenganishi elektroni na positroni, pacha wake mwenye chaji chanya, kama kifanyavyo kigunduzi cha AMS-02 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwanga wa BGO hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, jambo linalolazimu urekebishaji wa mara kwa mara. Protoni nayo huacha sehemu tu ya nishati yake ndani ya fuwele, kwa hiyo anayechunguza protoni hulazimika kuikadiria iliyobaki kwa hesabu za kompyuta. Kwa kazi hiyo nisingeipa alama ninazoipa kwa elektroni.