Keycloak kwa mwaka mmoja: kufungua ni rahisi, kufunga ndiko kwenye kazi

Taasisi ninayosimamia mifumo yake ina programu sita, kuanzia mishahara na likizo hadi masijala. Zamani kila moja ilikuwa na orodha yake ya watumiaji na nywila zake. Mtu akiajiriwa namfungulia akaunti sita. Akiondoka nazifunga zote sita, nikikumbuka.

Siku moja nikipitia orodha ya masijala nilikuta akaunti ya mwenzetu aliyekwisha kustaafu miaka miwili. Ilikuwa hai, na iliingia wiki iliyotangulia. Kufuatilia, nikagundua ni jirani yake wa dawati aliyekuwa akiitumia, kwa kuwa akaunti yake mwenyewe haikuwa na ruhusa ya kuidhinisha majalada. Hakuwa mwizi, alikuwa anataka kazi iende. Lakini kila jalada lililoidhinishwa kwa miaka hiyo lilibeba jina la mtu aliyekuwa nyumbani kwake.

Hapo ndipo tulipohamia Keycloak. Ni programu huria inayosimamia uingiaji wa watumiaji katika mifumo mingi kwa akaunti moja, haina ada ya leseni, imekuwapo tangu 2014. Kilichonivuta ni kwamba inazungumza OpenID Connect na SAML kwa pamoja, yaani lugha mbili ambazo mifumo hutumia kuthibitishiana nani ameingia, maana mfumo wetu wa mishahara ni wa siku nyingi na unaelewa SAML peke yake. Iliungana pia na saraka yetu ya LDAP (orodha kuu ya watumishi na nywila zao) bila kunakili nywila: mtu akiingia, Keycloak huiuliza saraka kama nywila ni sahihi. Watumishi hawakulazimika kujifunza nywila mpya, na kwa hilo tu nilishukuriwa sana.

Ruhusa sasa hazifuati jina, zinafuata kundi. Anayekaimu nafasi anaingizwa katika kundi la waidhinishaji, muda ukiisha anatolewa. Kuazimana nywila kumekosa sababu.

Jambo lililonichukua siku nyingi ni kumfungia mtu mlango. Nilifungua akaunti ya majaribio, nikaingia nayo kwenye mfumo wa likizo, kisha nikaizima ndani ya Keycloak. Nikarudi kwenye dirisha la likizo, nikabofya. Likanipokea. Baada ya saa nzima bado nilikuwa ndani, na ombi la likizo nililojaza likapita!

Nikaanza kuchimba. Tokeni ya Keycloak, yaani hati ya kidijitali inayoithibitishia programu kwamba mtu ameingia, usipobadilisha kitu, huishi dakika 5, kwa hiyo nilidhani tuko salama. Kumbe mfumo wa likizo ukishaipokea tokeni mara moja hufungua kikao chake wenyewe, yaani kipindi cha kubaki ndani bila kuulizwa tena, na hicho waundaji wake walikiwekea muda wa saa nane. Keycloak ilikuwa imefunga lango la nje wakati mgeni ameshakaa sebuleni. Tulipunguza kikao hicho hadi dakika 30, tukaweka pia mawasiliano ya seva kwa seva ili Keycloak ikimtoa mtu, programu nazo zipate habari. Na nikajifunza kwamba kuzima akaunti na kumtoa mtu katika vikao vyake ni vitendo viwili. Navifanya vyote, kila mara.

Mengine ya kuangalia mapema: ulinzi dhidi ya wanaobahatisha nywila huja umezimwa, uwashe. Chagua kufungia kwa muda, si kwa kudumu, la sivyo mtu yeyote anayejua jina la mkurugenzi anaweza kumfungia nje kwa kukosea makusudi. Kumbukumbu za nani ameingia lini nazo hazihifadhiwi mpaka uagize. Na ukiwapa watu msimbo wa tarakimu 6 kwenye simu, hakikisha saa ya seva inakwenda sawa. Msimbo hubadilika kila sekunde 30, na asubuhi moja saa yetu ilipopotea kwa dakika kadhaa, foleni ilijaa mlangoni kwangu.

Jihadhari pia na maelekezo ya zamani mtandaoni. Toleo la 17, mwaka 2022, lilibadilisha msingi wa programu na hata anwani zake, hivyo ukifuata mwongozo wa kabla ya hapo utapoteza siku.

Mwezi uliopita mwenzetu mwingine alistaafu. Saa nne asubuhi nilizima akaunti yake na kufuta vikao vyake, kisha nikapita programu zote sita moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyobaki na kikao chake.