Nusu siku kwenye korona: tathmini ya ziara ya mkonge, Tanga

Ziara za mkonge zinazouzwa Tanga mjini hazitofautiani sana. Gari linatoka asubuhi, linashika barabara ya Muheza au ya Pangani, mgeni anaonyeshwa mmea, kisha korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, anapiga picha uwanja wa kuanikia, anarudi mjini kula. Inayotathminiwa hapa ni ya upande wa Muheza. Inastahili pesa yake kwa sababu moja kubwa: inakufikisha mbele ya mtambo unaofanya kazi, si picha ya ukutani. Ila ukitoka bila kuuliza maswali, utajua jani linavyogeuka singa, yaani nyuzi, usijue mkulima aligeukaje kuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Na hilo la pili ndilo lililoibadilisha Tanga.

Shambani mwongozaji yuko imara. Anaonyesha mkonge wa miaka mitatu, umri wa kuanza kukatwa, na anaeleza kwamba mmea mmoja wa aina ya zamani hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake, kisha hutoa mlingoti, huchanua na kufa. Chotara namba 11648, aliyezalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano kule Ngomeni, hutoa majani mengi zaidi ya hapo, na ndiye utakayemwona kwenye mashamba mengi. Mkata mkonge anaanza majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga mafungu ya majani 30. Akikata kupita kiasi mmea unadumaa, akiacha majani yaliyokomaa yanakauka bure. Uliza hapo hapo mkata anahesabiwaje kazi yake ya siku, maana hesabu hiyo ina historia ndefu kuliko mashine.

Korona ndiyo sehemu bora ya ziara, na tungependa ipewe saa nzima badala ya dakika ishirini. Jina limetokana na mashine za Corona zilizotengenezwa na Krupp ya Ujerumani, na Tanga hadi leo watu husema korona wakimaanisha kiwanda kizima. Kabla yake palikuwa na raspador: gurudumu moja lenye visu butu, mtu analisha jani kwa mkono hadi nusu, analivuta, analigeuza, analisha nusu ya pili. Kazi ilikuwa ya polepole, na mkono ulikuwa jirani na kisu kutwa nzima. Korona ikaondoa mkono wa kugeuza. Majani yanapangwa kwenye mkanda, yanabanwa katikati, ngoma ya kwanza inaparua upande mmoja, kisha yanabanwa upande uliokwisha safishwa ili ngoma ya pili iparue uliobaki. Maji yanamwagwa muda wote kusukuma nyama ya jani.

Simama mahali unapoona nafasi kati ya visu vya ngoma na kitako cha chuma kilicho mbele yake. Ubora wote unaamuliwa hapo. Nafasi ikiwa pana, nyama inabaki kwenye singa, nazo zikikauka zinakuwa ngumu na zenye madoa. Ikiwa finyu, visu vinakata singa zenyewe, na katani, yaani singa zilizosafishwa, badala ya kuwa ndefu inaishia kuwa vipande vifupi vya bei ya chini. Visu vinalika, hivyo fundi huirekebisha mara kwa mara. Maji yakipungua, rangi inaharibika hata kama visu viko sawa. Kosa jingine huanzia mbali na mtambo: jani likilala zaidi ya siku moja au mbili kabla ya kusindikwa, utomvu unakauka ndani na kusafisha kunakuwa shida. Ndiyo maana mashamba ya zamani yalitandaza reli ndogo za matoroli hadi katikati ya mkonge. Mabaki ya reli hizo utayaona ukiangalia vizuri, ingawa mwongozaji aliyapita kama vyuma chakavu.

Hesabu ambayo ziara haikuitoa ni hii. Katani ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Robota moja, yaani furushi la katani lililobanwa, ni kilo 250, kwa hiyo linahitaji karibu kilo 6,250 za majani, na kilo 6,000 zinaondoka kama maji na makapi. Ukiijua hesabu hiyo utaelewa kwa nini kiwanda lazima kiwe shambani penyewe, kwa nini kilijengwa karibu na maji, na kwa nini vijito vya chini ya korona vilibeba uchachu wa makapi miaka mingi. Pia utaelewa kwa nini mkonge haukuweza kuanza kwa jembe na panga peke yake. Ulihitaji mtaji wa mashine, reli na mamia ya watu kwa mpigo, tangu siku ya kwanza ya mavuno.

Kuanika na kupiga brashi kunaelezwa haraka, na inatosha. Singa zinatundikwa juani, zikikauka zinapita kwenye mashine ya brashi kutoa vumbi, kisha zinapangwa kwa urefu na rangi. Daraja la juu linataka singa za sentimita 90 au zaidi, na UG ni zile zilizoshindwa kufika daraja. Mshike mpangaji mmoja akueleze. Kinamama wanaofanya kazi hiyo wanatambua kasoro kwa kugusa tu.

Sasa historia. Mwongozaji anasimulia kwamba Dr. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ni kweli, na anaisimulia kwa mapenzi. Tatizo ni kwamba anaishia hapo, kama kwamba miche 62 ilijizalia viwanda.

Kilichoivuta Tanga kilikuwa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mashamba ya ngano Marekani yalianza kutumia mashine zinazovuna na kufunga miganda kwa fundo la kamba, fundo lililobuniwa na John Appleby. Waya uliotumika kabla ya hapo ulibaki kwenye majani na kudhuru mifugo. Kamba ya mmea haikuwa na madhara hayo. Kila msimu wa mavuno ukala kamba kwa maelfu ya tani. Mashine moja ya Marekani ndiyo iliyozaa shamba la Muheza, na mgeni anapaswa kuambiwa hivyo akiwa bado ameshika singa mkononi.

Halafu reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule wa miche, na Muheza, kilomita 40 hivi tu, ikafikiwa 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, Mombo ikafikiwa 1905, na Moshi 1911. Wafanyakazi walikuwa haba kila hatua, na hapa ndipo pengo la ziara linapouma. Watu wa Usambara, Bondei na Pangani walikuwa na mashamba yao, na hawakuwa na sababu ya kumfanyia mgeni kazi mwezi mzima kwa ujira mdogo. Sababu ilitengenezwa. Kodi ya nyumba ilianza kudaiwa 1898, na ikawalazimu watu kutafuta fedha taslimu. Usambara Magharibi, mwaka 1907, zikaletwa kadi zilizomtaka kila mwanamume kufanya kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha takriban tani 20,000 za katani kwa mwaka. Tani hizo zilitoka kwenye kadi kama zilivyotoka kwenye korona.

Wakati wa Waingereza kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, kikaendelea: siku 30 za kazi zilizotiwa alama ndipo ulipwe, na siku ambayo kazi haikumalizika haikutiwa alama. Walioajiriwa mbali, wengi kutoka magharibi ya nchi, walipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Kambini palikuwa na nyapara, posho, na kipande cha reli kilichotundikwa na kugongwa alfajiri. Mtu aliyezoea kupima kazi kwa jua na mvua akaanza kuipima kwa mlio wa chuma. Mjini, vikundi vya beni, ngoma za mtindo wa gwaride, kama Marini na Arinoti vikajipanga kwa sare na vyeo, watu wa asili mbalimbali wakitafuta udugu mpya na heshima. Na mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma. Hiyo yote ni historia ya viwanda sawasawa na visu vya korona, na ingeingia kwenye dakika kumi za safari ya gari.

Mwisho wa simulizi nao umekatwa. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilivuka tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa kuanzia 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Mwongozaji anataja utaifishaji peke yake. Plastiki ilikuwa imeanza kupiga kabla.

Ukiamua kwenda, nenda kiangazi na fika mapema. Mvua ikinyesha hakuna kuanika, na matoroli au matrekta yakichelewa kuleta majani korona inasimama. Hakikisha kwa simu asubuhi ile ile kwamba inasindika, usikubali jibu la jana. Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu, maana sakafu ni utelezi na utomvu wa mkonge unawasha ngozi. Kanga, mitandio na nywele ndefu zifungwe kabisa kabla ya kusogelea mkanda. Watoto wadogo wabaki uwanja wa kuanikia. Kelele haziruhusu maelezo, hivyo mwombe mwongozaji aeleze korona nje kwanza, ndipo mwingie. Wakati wa kurudi ombeni gari lisimame stesheni ya Muheza. Halimo kwenye ratiba, lakini dereva hakatai, na kutoka pale unaona reli inavyoelekea bandarini.