Saa Janja za Kupima Oksijeni ya Damu: Ununue Ipi Ukiwa Uganda

Wauzaji wengi wa saa janja mjini Kampala humhakikishia mnunuzi kwamba saa fulani "inapima oksijeni", na mwenye mzazi anayeugua pumu au moyo hushawishika kutoa fedha nyingi kuliko alivyokusudia. Hapa vifaa hivyo vimepangwa kwa kuanzia na chenye manufaa makubwa zaidi kwa fedha zako, na cha kwanza si saa.

Ni kipima oksijeni cha kidoleni, kinachouzwa katika maduka ya dawa na ya vifaa vya hospitali. Kifaa hicho hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi (usioonekana kwa macho) kutoka upande mmoja wa kidole hadi wa pili, kisha hupima jinsi damu ilivyoufyonza. Katika saa, taa na kihisi vyote viko mgongoni, hivyo hutegemea mwanga unaorudishwa na ngozi ya mkono, mahali ambapo mapigo ya damu ni hafifu kuliko kidoleni; mkanda ukilegea, mkono ukitikisika, au baridi ya asubuhi ya Kabale ikibana mishipa, namba huyumba au haitokei kabisa.

Hata hivyo, kifaa cha kidoleni nacho kina kasoro inayotugusa sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulilinganisha vifaa vya hospitalini na vipimo vya damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Pale kifaa kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, lakini katika asilimia 3.6 tu ya vile vya wagonjwa weupe. Ikiwa vifaa vya wodini hukosea hivyo, saa ya mkononi haistahili kuaminiwa kuvizidi, na mgonjwa anayehema kwa shida asiambiwe kwamba yu salama kwa sababu tu namba ni 94.

Nafasi ya pili naipa bangili za Xiaomi na Huawei. Bei yake ni nafuu, zinafanya kazi na simu za Android na iPhone, na hufaa kutazama mwenendo wa usiku baada ya usiku. Bangili pamoja na kifaa cha kidoleni ni ununuzi bora kuliko saa moja ya kifahari. Galaxy Watch ya Samsung inafuata kwa mwenye simu ya Android. Kuanzia toleo la 4 haziungani na iPhone. Saa ya Garmin ni ghali, lakini namshauri anayepanda Rwenzori aifikirie, kwa kuwa kilele cha Margherita kiko mita 5,109 na oksijeni ya damu hushuka kweli huko.

Saa za Apple zahitaji uangalifu zaidi. Kipimo hiki kilianza na Series 6 ya mwaka 2020, na saa za SE hazina. Kutokana na mgogoro wa hataza (haki ya uvumbuzi) na kampuni ya Masimo, Series 9 na Ultra 2 zilizouzwa Marekani tangu Januari 2024 zilitoka zikiwa zimezimiwa kipimo hicho. Agosti 2025 Apple ilikirudisha kwa njia nyingine: hesabu hufanywa ndani ya iPhone, na matokeo husomwa huko, si kwenye saa. Saa zilizouzwa nje ya Marekani hazikuguswa. Basi ukiletewa saa na ndugu aliye Marekani, au ukiuziwa iliyotumika, tazama namba yake ya modeli: ikiishia na LW/A, huenda ni ya kundi hilo, kwa hiyo ijaribu pamoja na simu yako kabla ya kulipa.

Mwisho kabisa ni saa zisizo na chapa inayojulikana, ambazo nakusihi usizinunue kwa ajili ya kipimo hiki. Nyingine zina taa ya kijani pekee, ambayo ni ya mapigo ya moyo. Ifunge saa kwenye kitambaa kilichokunjwa; ikiendelea kutoa 97 au 98 bila kusita, namba hiyo haitoki kwenye damu ya mtu.

Saa yoyote ikionyesha namba ya chini, keti, tulia, pasha mikono joto, ondoa rangi ya kucha, kisha pima tena kidoleni. Ikiwa chini ya 90, au midomo imebadilika rangi, au pumzi haitoshi hata kama namba ni nzuri, nenda kituo cha afya mara moja.