Niliuliza yamemwagiliwa maji siku ngapi, nikaambiwa nimlete baba

Jambo hili limekaa kifuani mwangu kwa miezi kadhaa, na kila mvua inaponyesha hapa Goba linaamka upya. Nimeona niliandike kwa ajili ya wenzangu wanaojiandaa kutengeneza ua wa nyumba zao na kununua matofali ya pavingi katika viwanda vidogo vilivyojipanga kandokando ya barabara zetu za Dar es Salaam. Kiwanda nilichonunua sitakitaja jina, kwa sababu mwenye kiwanda alinitendea kwa namna iliyonifanya nisite, kama nitakavyoeleza. Kijana aliyekuwa ofisini kwake siku ile ni suala jingine, na yeye bado sijamsamehe.

Binti yangu mkubwa alikuwa ameposwa, na familia ya mchumba wake ilikuwa imetutaarifu kwamba ingekuja kuleta mahari nyumbani. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na ua wake wa mbele kwa miaka mingi ulikuwa udongo mtupu ambao masika huuchimba mifereji na kiangazi huugeuza vumbi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kila mwaka kwamba tutauweka sawa, na akatangulia mbele ya haki kabla hatujaweza. Nilitaka wageni wale wakanyage mahali penye heshima. Nilitaka pia, nisifiche, kulikamilisha jambo ambalo yeye hakulikamilisha.

Kuhusu kuchagua vifaa nilijipa muda. Zege la kumwaga ua mzima nililikataa mapema, kwa sababu halinywi maji hata tone, na mvua yote ingeteremka kwa jirani yangu wa chini ambaye tayari ana shida ya kutosha na bonde. Tena bomba likipasuka chini yake, huna budi kulivunja kwa nyundo. Vigae vinang'aa vizuri kwenye picha, lakini vikilowa vinamwangusha mtu mzima, nami nilikuwa natarajia wazee. Kokoto ni nzuri na za bei nafuu, ila kiti hakitulii juu yake na toroli halisukumiki. Pavingi ndiyo iliyonishinda moyo: maji yanapenya kwenye viungio, na ukitaka kurekebisha bomba unayainua matofali, unafanya kazi yako, unayarudisha palepale. Nikaamua eneo la kupita watu na gari la maji liwe la pavingi, chini ya mwembe zimwagwe kokoto ili mizizi ipumue na isije ikayanyanyua matofali, na pembeni paoteshwe nyasi. Eneo la pavingi lilikuwa meta za mraba 140, na kwa tofali lile la kawaida la mstatili hiyo ni takriban matofali 7,000.

Nilikwenda kiwandani asubuhi. Kijana wa ofisini hakunipa shikamoo, nami nikalipita hilo, maana siku hizi tumeshazoea kupitwa na salamu. Alinipeleka uani kwenye matofali yaliyopangwa tayari kupakiwa. Niliyaona yana weusi wa unyevu kwa ndani, tofauti kabisa na rundo la pili lililokuwa limeshageuka kijivu cheupe. Niliweka kiganja juu ya moja, nikasikia ule ubaridi wa zege bichi. Nikamwuliza kwa utaratibu, "Mwanangu, haya yamemwagiliwa maji kwa siku ngapi?"

Alicheka. Hakutabasamu, alicheka kwa sauti, na wapakiaji wawili wakageuka kutazama. Akasema, "Mama, haya siyo maandazi. Nenda ukamlete baba, tuongee naye mambo ya zege."

Sikumjibu. Nilisimama nimeshika mkoba wangu, nikatazama chini. Mume wangu nimemzika mwenyewe, na kijana yule hakujua, na hilo ningeweza kumwachia. Nisiloweza kumwachia ni kwamba swali lilikuwa sahihi. Lilikuwa ndilo swali pekee ambalo mnunuzi wa pavingi anapaswa kuliuliza kabla ya bei, kabla ya rangi na kabla ya umbo, na yeye ambaye kazi yake ni kulijibu aliona ni bora anifukuze nalo.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi Tanga. Kazi yangu ya utotoni, kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, ilikuwa kuyamwagilia matofali yake kwa ndoo na kuyafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiyanyonye. Nikimwuliza kwa nini tunayalowesha wakati tunataka yawe makavu, alikuwa akinijibu kwamba saruji haikauki kama kanga iliyoanikwa kambani, bali inakomaa kwa kunywa maji, na ukiinyima maji inabaki mchanga ulioshikana kwa muda tu. Nilipokuwa mkubwa niliona wahandisi wanasema yaleyale kwa lugha yao: zege lililotunzwa vizuri huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, na nguvu inayohesabiwa kuwa kamili hupimwa siku ya 28. Baba alikuwa na njia yake ya kupima. Alichukua matofali mawili, akayagonganisha. Yaliyokomaa hulia kama chungu kizima; mabichi hutoa mlio mzito usio na mwangwi, kama mtu anayepiga ngumi kwenye gunia la unga.

Pamoja na kuyajua yote hayo, nilinunua. Nilikuwa nimeshalipa nusu ya fedha kwa simu kabla ya kwenda, siku zilizobaki kabla ya mahari zilikuwa chache, na aibu ile ilinifunga mdomo. Fuso lilipakiwa matofali yaleyale meusi.

Kwa upande wa kazi ya kutandaza sina lalamiko hata moja, na ni haki niseme hivyo kwa sababu kiwanda baadaye kilijaribu kuwatwisha mafundi mzigo wake. Fundi wangu alichimba, akajaza kifusi na kukishindilia tabaka kwa tabaka kwa mashine, akatandaza mchanga wa unene wa takriban sentimeta 3 na kuusawazisha kwa ubao, akavuta kamba ili kila meta moja ishuke sentimeta 2 kuelekea mfereji na maji yasirudi mlangoni. Pembezoni alimwaga ukingo wa zege, kwa sababu pavingi isiyo na ukingo hutambaa polepole mpaka viungio vinafumuka. Mwishoni alifagia mchanga mkavu laini ukaingia katika kila mwanya. Jioni ile ua ulipendeza kiasi kwamba binti yangu alivua viatu akatembea juu yake.

Siku ya mahari wageni walifika kwa wakati. Kati yao alikuwapo mzee mmoja, babu wa mchumba, mwenye bakora yenye ncha ya chuma. Alipokuwa anapita kutoka getini kuelekea barazani, ncha ile ilizama kwenye tofali. Haikuingia kwenye kiungio, ilizama katikati ya tofali lenyewe, na kona ikamong'onyoka kama mkate mkavu. Mzee akayumba. Mjukuu wake alimdaka begani, hakuanguka, Mungu ni mwema, na yeye mwenyewe kwa adabu ya wazee wa pwani alisema tu kwamba bakora yake imezeeka. Wote waliokuwapo walitazama chini wakauona mchanga mwekundu uliomwagika pale. Shughuli iliendelea, mahari yakapokewa, watu wakala wakashiba. Mimi sikumbuki ladha ya chakula kile.

Kesho yake nilizunguka ua mzima na msumari mkononi. Kila tofali lililokwaruzika kwa urahisi nililitia alama ya chaki. Nilipomaliza, yalikuwa zaidi ya 900, na mengi yalikuwa yameanza kulika kwenye kona kwa kukanyagwa na viatu tu. Rangi nyekundu ilikuwa ganda jembamba la juu, na chini yake ulikuwa mchanga unaotoka kwa kidole.

Niliporudi kiwandani kijana alikuwa yuleyule. Alisema mafundi wangu wameharibu kwa mashine ya kushindilia. Fundi wangu, ambaye nilikuwa nimekwenda naye, hakubishana. Alikwenda kwenye lile rundo jeupe, akachukua mawili, akayagonganisha, kisha akayagonganisha mawili tuliyokuja nayo. Sauti zilijieleza. Kijana akatazama simu yake. Jambo moja nililigundua pale, nalo linaniuma kuliko hasara: kwa fundi alisema "kaka, tutaangalia", na muda wote huo hakunigeukia mimi niliyelipa.

Siku mbili baadaye mwenye kiwanda alinipigia. Ni mwanamke wa makamo, kwa sauti yake, na alianza kwa shikamoo. Aliomba radhi kwa maneno ya kueleweka, akakiri kwamba mzigo ule ulitolewa mapema kwa kuwa oda zilikuwa nyingi, akaahidi kuyabadilisha yote niliyoyatia alama. Na aliyabadilisha. Matofali yaliyokuja safari hii yalikuwa yamekomaa; nimeyagonga mmoja mmoja bila kuona uvivu, yanalia inavyopaswa, na masika yaliyopita hayajapata hata ufa. Ningeishia hapa ningesema kiwanda hiki ni cha kuaminika, na kwa siku chache kweli nilikuwa nawaambia majirani waende wakanunue huko, ila wasisitize mzigo wenye umri wa mwezi.

Kauli hiyo naifuta. Gari lililoleta matofali ya kubadilisha lilipofika getini, dereva alikuwa na karatasi inayonitaka nilipe shilingi 80,000 za usafiri, na karatasi hiyo ilikuwa na mwandiko na sahihi ya kijana yuleyule. Nilimpigia mwenye kiwanda, simu haikupokelewa. Nililipa ili kazi isisimame. Fedha ile mpaka leo haijarudishwa, na matofali mabovu ambayo walisema wangeyafuata bado yamepangwa kando ya geti langu. Radhi ya mwenye kiwanda naithamini, lakini radhi inayoishia kwenye simu wakati aliyekosa anaendelea kukaa kwenye kiti kilekile, akiwacheka wateja wengine, ina upungufu. Sikudai afukuzwe kazi. Nilichotaka ni aje pale uani, aone mahali bakora ilipozama, aseme "samahani, mama". Basi.

Nisiache kumtaja muuza miche, kwa kuwa ndiye aliyenionyesha kwamba kuuliza na kuulizwa kunaweza kwenda vizuri. Yeye anafanya biashara chini ya mti, hana ofisi, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kabla ya kunionyesha mche wowote aliniuliza jua la asubuhi linaingia kwangu upande gani, na maji ninayomwagilia ni ya bomba au ya kisima. Nilipomwambia kisima chetu kina chumvi kidogo, alinizuia nisichukue nyasi nilizokuwa nimezipenda, akanipa paspalamu, inayovumilia chumvi, na kwa mahali pa kukanyagwa sana akanishauri ukoka wetu wa kawaida. Alinitafutia asumini ya kupanda karibu na dirisha la chumba cha kulala, na alinieleza ni samadi kiasi gani, iliyooza vizuri, ichanganywe na udongo mweusi kwenye kila shimo. Miche miwili kati ya kumi ilikufa na alinipa mingine bila malipo na bila karatasi. Jioni asumini inapofunguka, harufu inaingia ndani mpaka sebuleni, na binti yangu akija na mumewe huwa anachuma chache za kupamba nywele.

Mtu akiniuliza leo kama kiwanda kile anunue, namjibu kwamba tofali lao lililokomaa ni zuri kuliko mengi niliyoyaona mjini, kisha namwambia asiende. Najua maneno hayo mawili hayakai pamoja vizuri. Ndivyo yalivyo moyoni mwangu. Atakayekwenda kwa sababu ya bei aende na mtu wa kushuhudia, agonganishe matofali mbele yao, aandikiwe kwenye risiti tarehe yaliyofyatuliwa, na wakikataa kuandika aondoke na fedha yake.

Ua wa nyuma bado ni udongo, na sitanunua tofali lililotengenezwa na mtu mwingine. Fundi wangu amepata mashine ya kukodi ya kufyatulia, mchanga na kokoto vitaletwa na kenta baada ya vuli kupita, na matofali yatafyatuliwa hapahapa chini ya mwembe, mbele ya macho yangu. Nitayamwagilia mwenyewe asubuhi na jioni kwa siku 28. Magunia ya kufunikia nimeshanunua, kumi na mbili, na yamekunjwa stoo.